Mikorogo tisa, mitatu imekubali

Shikamoo Shangazi,

Safu yako nimeanza kuisoma nikiwa sekondari, enzi mama ananifungia vitumbua kwa kurasa za gazeti, nami nasoma majibu yako yakiwa yamelowa mafuta. Wengi wanakuletea mambo ya ndoa. Langu mimi ni la chembe. Naomba usicheke.

Nina miaka 29, niko mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu hapa Dar es Salaam. Utafiti wangu ni wa kubebesha dawa ya kifua kikuu, rifampisini, kwenye chembe ndogo sana za kitosani. Kitosani hupatikana kutoka kwenye magamba ya kamba na kaa. Tunaiyeyusha kwenye maji yenye asidi ya siki, tunatia dawa, halafu tunadondoshea chumvi ya fosfati huku inakorogwa, na chembe zinajiunda zenyewe. Ikienda vizuri unapata chembe za nanomita 180 hivi, na milimita moja ina nanomita milioni moja. Tunachokitafuta ni dawa ambayo mgonjwa ataivuta kwa pumzi ishuke mapafuni moja kwa moja, badala ya kumeza vidonge kila siku kwa miezi sita.

Narudi nyumbani nanuka siki, vidole vina rangi ya machungwa, maana rifampisini hushika ngozi kama hina. Jirani tunayepanga naye nyumba moja alinisikia kwenye simu nikisema "mkorogo wa leo umekubali". Kesho yake akagonga mlango kuuliza kopo nauza shilingi ngapi. Nikamwambia ni dawa ya TB. Akaniangalia uso, akaniangalia mikono, akaondoka. Sidhani kama aliniamini.

Ila Shangazi, sikuandika ili kuchekesha. Nina mambo matatu.

La kwanza. Nimefanya mikorogo tisa kwa utaratibu uleule, uzani uleule, dakika zilezile. Mitatu ilitoka safi, hiyo niliifanya kati ya Januari na Machi. Sita imegoma: chembe za nanomita 700 na zaidi, mingine imetuama chini kama unga wa muhogo kwenye maji. Hiyo ni ya baada ya kopo jipya la kitosani kufika mwezi wa nne, wakati ambao ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kujiona nina mkono mzuri. Mwezi wa sita mashine ya kupimia ukubwa wa chembe ikafa, na fundi wake yuko nje ya nchi. Tukakausha kwa baridi sampuli za ile mikorogo mizuri tukazituma Afrika Kusini zipigwe picha kwa hadubini ya elektroni. Zilipofunguliwa kule zilikuwa mabonge.

Msimamizi wangu namheshimu, amenifundisha mengi. Lakini ameniambia hivi: "Andika ile mitatu. Sita ni makosa ya mkono, na mtu hachapishi makosa ya mkono wake." Anataka makala iende kabla mwaka haujaisha, na mimi bila machapisho mawili sihitimu. Rasimu ninayo. Kila nikifika kwenye sentensi inayosema jaribio lilirudiwa mara tatu na matokeo yakafanana, mkono unakataa. Maana mitatu ilifanana kweli. Je, huo ni uongo?

La pili ni pesa. Posho haijaingia kwa miezi minne sasa. Baba hatunaye, mama bado yuko kwenye karai lake la vitumbua, na mdogo wangu yuko chuo cha ufundi, ada yake ya muhula ujao inanitazama mimi. Kampuni moja inayoagiza dawa kutoka nje imeniita kazini, kuzunguka mahospitalini kuzieleza dawa zao kwa madaktari. Mshahara ni mara tatu ya posho, hapo ni posho ikija. Gari lipo. Wanataka jibu mwisho wa mwezi. Mjomba alisema mbele ya watu kwenye kipaimara cha binamu yangu, "Huyu amesoma mpaka amemaliza vitabu, na bado anaomba nauli." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikaenda kulia chooni.

La tatu ndilo linaloniamsha usiku. Sikukuu nilikwenda kijijini kwa bibi. Alikuwa na homa, nikamsindikiza zahanati. Panadol hakuna. Muuguzi aliposikia nasomea dawa akaniuliza, kwa upole kabisa, "Sasa mwanetu unatuletea nini?" Nikajikuta sina jibu. Watu hawana panadol na mimi napima nanomita. Hii si anasa, Shangazi?

Tafadhali usiniambie nivumilie. Nimeambiwa vya kutosha.

Vidole vya Machungwa,
Dar es Salaam

—

Marahaba, mwanangu, na pole.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba kabla ya kukalia kiti hiki nilikuwa mfamasia wa kiwandani. Nimepika vidonge na dawa za maji, na baadaye kwa miaka miwili nikabeba begi la kampuni nikizunguka mahospitalini, kazi hiyohiyo unayoitiwa. Ndiyo maana barua yako nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kama shangazi, mara ya pili nikiwa na penseli.

Penseli imeona hivi. Mikorogo mitatu iliyokubali ni ya Januari mpaka Machi. Sita iliyogoma ni ya baada ya kopo jipya kufika mwezi wa nne. Umeyaandika mwenyewe, sentensi tatu zinazofuatana, halafu ukayapita kama mtu aliyeruka pochi iliyoanguka njiani. Mkono wa mtu hauharibiki ghafla mwezi wa nne. Kopo linaharibika.

Kitosani si chumvi ya mezani kwamba popote utakaponunua ni ileile. Magamba huoshwa kwa asidi kutoa chokaa, yakaoshwa kwa sodiamu haidroksaidi kutoa protini, kisha yakachemshwa tena kwenye sodiamu haidroksaidi kali zaidi mpaka vikundi vya asetili vibanduke. Vikibanduka vingi, mnyororo ukiingia kwenye siki yako unabeba chaji chanya nyingi. Vikibaki, unabeba chache. Minyororo yenyewe inaweza kuwa mirefu au mifupi, kutegemea imechemshwa vipi na gamba lilitoka kwa mdudu gani. Makopo mawili yenye lebo moja yanaweza kutofautiana kwa vyote viwili. Na chembe zako zinaundwa na nini, kama si hizo chaji chanya kuvutana na fosfati yenye chaji hasi? Ukibadilisha chaji na urefu wa mnyororo huku kipimo cha fosfati kikibaki kilekile, umebadilisha mapishi huku karatasi ya mapishi ikiwa ileile mkononi. Kamuulize mama. Mchele mpya na mchele uliokaa haunywi maji sawasawa, na yeye kitumbua chake hakijawahi kugoma kwa sababu anaangalia uji wake kabla ya kumimina, wala hahesabu vikombe kwa kukariri.

Naweza kuwa nimekosea, maabara yako sijaiona. Pengine fosfati yako imekaa kwenye maji wiki nyingi ikavunjika, pengine kipima asidi kinadanganya. Lakini hili la kopo linapimika, tena bila kusubiri fundi wa ng'ambo wala mzigo wa Afrika Kusini. Asilimia ya asetili iliyobanduka unaipata kwa bureti, asidi, besi na kipima asidi kilichosahihishwa siku hiyohiyo. Urefu wa mnyororo unaukadiria kwa mnato: bomba la kioo la kupimia mnato, beseni la maji yenye joto lisilobadilika, na saa. Vitu hivyo nina hakika vimelala kabatini kwenye idara yoyote ya famasia, vimejaa vumbi tangu mashine za bei kubwa zilipoingia. Pima kopo la zamani, pima jipya, ziweke namba pembeni kwa pembeni.

Halafu koroga mara tatu kwa kila kopo, siku moja, fosfati moja, bila dawa. Nasema bila dawa kwa sababu rangi ya rifampisini itakuzibia macho. Mkorogo mtupu uliokubali, ukiushika dhidi ya mwanga, una ukungu mwepesi unaoelekea buluu. Uliogoma ni mweupe kama maziwa, au una mashapo. Macho si kipimo cha kuandika kwenye makala, ila yatakuambia kama inafaa kupanda basi na chupa zako kwenda kuomba nusu siku kwenye mashine ya chuo kingine. Omba. Watu wa maabara wana roho nzuri kuliko barua zao rasmi.

Na yale mabonge ya Afrika Kusini: mliweka sukari? Maji yanapoganda hujitenga kuwa barafu safi, na chembe zinasukumwa kwenye kile kinachobaki, zinabanana, zinashikana. Tia trehalosi, au hata sukrosi, kabla ya kugandisha, ikae katikati yao. Kama mliweka na bado zimeshikana, angalia kiasi, kisha angalia mzigo ulilala wapi na joto gani. Kwa nchi yenye joto na umeme unaokatika, chembe isiyostahimili safari haijawa dawa bado. Wakati wa korona dunia nzima iliona jambo hili: chanjo ya Pfizer na BioNTech ilitoka Desemba 2020 ikiwa ndani ya chembe za mafuta, nanoteknolojia ya kiwango cha juu kabisa, na mwanzoni ilidai friza za nyuzi 70 chini ya sifuri. Kwa hiyo usione aibu kuandika sura nzima juu ya chembe zinavyoharibika kwa joto la Dar es Salaam.

Sasa swali lako la uongo. Ndiyo, ni uongo. Kila neno la sentensi ile ni la kweli, na sentensi yenyewe inadanganya. Mwanafunzi wa Mwanza au Nairobi ataisoma, atanunua kopo lake, atakoroga mwaka mzima akidhani mkono wake ndio mbovu, kama wewe ulivyodhani. Na je, wewe mwenyewe hujapoteza miezi kwa makala ya mtu aliyeandika mitatu akaficha sita? Mimi nimewahi kufukuzia fomula ya mtu wa aina hiyo kiwandani miezi minane. Mpaka leo nikiona jina lake nafunga ukurasa.

Ila kwa msimamizi usiende na neno maadili. Ukimwendea na maadili atasikia unamwita mwizi, naye ni mzee wako. Naye anahesabiwa machapisho anapotaka kupanda cheo, kama wewe unavyohesabiwa ili uhitimu. Nenda na karatasi moja: nukta tisa, tarehe chini, ukubwa wa chembe pembeni, na mstari wima siku kopo lilipobadilishwa. Mwambie, "Profesa, nadhani nimejua kwa nini sita iligoma, naomba wiki tatu nihakikishe." Mwanasayansi yeyote mzima akiona mstari ule masikio yanasimama. Makala inayosema kitosani yenye sifa hizi inatoa nanomita 180 na yenye sifa zile inatoa 700, na hivi ndivyo fosfati inavyorekebishwa, ni makala bora kuliko ile yake, na watu wataitumia. Asipotaka kabisa, omba mikorogo yote tisa iingie kwenye kiambatisho. Akikataa na hilo, jina lako lisiwemo, na uende kwa kamati ya uzamivu ukiwa na daftari lako la maabara. Sidhani mtafika huko.

Nije kwenye anasa, maana hapa ndipo nilipoweka chai chini.

Panadol ya zahanati ya bibi imekosekana kwa mambo ya fedha, maoteo na usafirishaji. Wewe ukiacha maabara leo haitaongezeka hata punje moja. Hilo najua halikutoshi, kwa hiyo nikupe wagonjwa.

Kala-azar, ugonjwa wa vimelea wanaoshambulia ini na wengu, uko kwetu huku Afrika Mashariki: Baringo, Turkana na Pokot Magharibi kule Kenya, Karamoja ya Uganda, Sudani Kusini, Ethiopia. Usipotibiwa unakuua. Kuna dawa ya zamani, amfoterisini B, inaua vimelea lakini inapiga figo, na mgonjwa anatetemeka kwa homa akiwa kwenye dripu. Watu wakaifunga ndani ya liposomu, vipovu vya mafuta visivyofika nanomita 100, ikaitwa AmBisome. Dawa ni ileile, ila figo zinapumua. Sikiliza kwa nini inafanya kazi vizuri hivyo. Chembe yoyote ya kigeni ikiingia kwenye damu, ini na wengu huikamata, seli walaji zinaimeza. Wenzako wanaotafiti dawa za saratani wanalia usiku na mchana juu ya jambo hilo. Mwaka 2016 kundi moja la Toronto lilipitia tafiti za miaka kumi likakuta kwamba, kwa wastani wa kati, asilimia 0.7 tu ya chembe zilizodungwa ndiyo iliyofika kwenye uvimbe. Nyingine zote zilipotelea njiani, nyingi kwenye hayo maini. Lakini kimelea cha kala-azar anaishi wapi? Ndani ya seli walaji hizohizo za ini na wengu! Kile ambacho kwa mtu wa saratani ni wizi, kwa mgonjwa wa Baringo ni kufikishiwa mzigo mlangoni.

Bara Hindi walifika mahali pa kutibu kwa dozi moja ya miligramu 10 kwa kilo, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kwamba Bangladesh imeondoa kala-azar kama tatizo la afya ya jamii. Dozi hiyohiyo moja ilipojaribiwa huku kwetu haikutosha. Chembe ileile, ugonjwa wenye jina lilelile, na matokeo tofauti. Unadhani nani anapaswa kukaa na swali hilo, mtu wa Boston?

Chukua na hili. Mgonjwa wa UKIMWI akipata homa ya uti wa mgongo ya kuvu, zamani alilazwa akiwekewa dripu ya amfoterisini B siku saba mfululizo. Jaribio lililofanyika Uganda, Malawi, Zimbabwe, Botswana na Afrika Kusini likaonyesha kwamba dozi moja kubwa ya ile ya liposomu, pamoja na vidonge, haiokoi wachache kuliko dripu ile, na madhara yanapungua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza. Dripu moja badala ya saba. Muuguzi wa zahanati ya bibi yako angekuelewa mara moja ukimweleza hivyo, bila kutaja nanomita hata moja.

Na wewe je? Bakteria wa kifua kikuu naye amejificha ndani ya seli walaji, zile za mapafuni, ambazo kazi yake ni kumeza vumbi. Chembe zako ni vumbi lenye dawa. Hujachagua vibaya. Kuna hata ndugu yake aliyetangulia: mwaka 2018 Marekani iliidhinisha amikasini iliyofungwa kwenye liposomu, ya kuvuta kwa pumzi, kwa ugonjwa wa mapafu unaoletwa na bakteria wa ukoo mmoja na TB. Na Mtanzania mwenzetu, Profesa Hulda Swai, alitumia miaka Pretoria akifunga dawa za TB ndani ya chembe za nano, kisha akarudi Arusha kwenye Taasisi ya Nelson Mandela. Njia ina nyayo.

Ila nakuuma sikio kidogo. Katika barua nzima umenieleza siki, fosfati na nanomita. Mgonjwa nimemkuta kwenye sentensi moja. Nani atashika hicho kifaa cha kuvutia dawa? Mtoto wa miaka minne ataweza? Dawa za TB hutolewa kwa mchanganyiko, rifampisini haitembei peke yake. Hizo nyingine atazimeza au nazo utazivutisha? Kuna faida gani juu ya unga wa kawaida wa rifampisini uliosagwa vizuri? Ukiwa na ukurasa mmoja unaojibu hayo, uubandike ukutani mbele ya meza yako. Nimeona vijana wenye akili wakitengeneza chembe nzuri ajabu, kisha wakaanza kutafuta ugonjwa wa kuziwekea, kama mtu aliyeshona suti akaanza kutafuta bwana harusi.

Pesa.

Kazi ya begi si kazi ya aibu. Ilinijengea vyumba viwili. Nilijifunza kuongea na daktari anayetazama saa, na nilijua kuliko mtu yeyote kiwandani ni dawa gani inarudishwa na kwa nini. Lakini gari lile ni la malengo ya mauzo. Siku malengo hayajafika, gari linakuwa zito kuliko posho iliyochelewa. Na jioni hakuna tasnifu itakayoandikwa. Utajidanganya mwezi wa kwanza, wa tatu utakuwa umeacha kujidanganya.

Mimi ningewaandikia hivi: ninaipenda kazi, naomba kuanza baada ya miezi mitatu. Kampuni inayotaka mtu wa kiwango chako mara nyingine husubiri, na isiposubiri umejua mapema ni watu wa aina gani. Wiki hiyohiyo andika barua chuoni kuhusu posho, yenye tarehe na miezi iliyokosekana, nakala kwa mkuu wa idara na kwa mfadhili. Maneno ya korido hayana kumbukumbu. Nenda na mdogo wako ana kwa ana kwa mhasibu wa chuo chake muombe kulipa kwa awamu, kabla hawajamtoa darasani, siyo baada. Miezi mitatu ikipita, posho haijaja na ada bado inadaiwa, basi chukua kazi, lakini kwanza ahirisha masomo rasmi, kwa fomu, upokee barua. Aliyeahirisha ana mlango wa kurudia. Aliyepotea hana.

Kuna watakaokutajia mwanasayansi Katalin Karikó. Kweli, chuo chake huko Pennsylvania kilimshusha hadhi mwaka 1995 na mwaka 2023 akapata Nobel pamoja na Drew Weissman kwa kazi iliyozaa chanjo za korona. Nampenda yule mama. Lakini waliomshusha hadhi wanatajwa mara moja tu, na wasiokuwa Karikó, walioshushwa wakabaki chini, hawatajwi kabisa. Mtu akikutajia Karikó wakati unadai posho ya miezi minne, muulize kama ana nauli.

Tena usidhani milango ni miwili tu, chuo au begi. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hapa kwetu ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya Shirika la Afya Duniani katika udhibiti wa dawa, mwaka 2018, na Shirika la Dawa la Afrika limeweka makao Kigali. Siku jalada la dawa ya liposomu linapotua mezani, lazima awepo mtu anayejua kwa nini ukubwa wa chembe ukisogea dawa inakuwa dawa nyingine. Wewe hilo limekutokea mkononi mara sita. Cape Town kuna Afrigen, kitovu cha teknolojia ya chanjo za mRNA, za aina ile ya Pfizer, tangu 2021. Kigali BioNTech imejenga kiwanda. Lakini Moderna, kampuni nyingine ya chanjo, nayo iliahidi kiwanda Kenya, na mwaka 2024 ikasimamisha, kwa hiyo tuma maombi popote ila usihamishe godoro mpaka uone paa. Ukishahitimu, tazama pia ufadhili wa OWSD, ule muungano wa wanasayansi wanawake wenye makao Trieste. Umekuwa ukiwapa wanawake walioanza kazi nchini mwao hadi dola 50,000, na vifaa ni sehemu yake. Soma masharti ya mwaka husika.

Mjomba mwachie mama yako. Dada mtu anajua la kumwambia.

Jirani mkaribishe siku moja, umwonyeshe chupa.

Na lile kopo la zamani. Hukusema kama limekwisha. Kama limebaki hata kijiko, usilikoroge leo, wala asiliguse mtu. Lifunge vizuri, andika juu yake tarehe lilipofunguliwa na namba ya toleo, liweke pakavu, kisha tafuta bureti. Kama mmelitupa, nenda stoo uombe leja ya manunuzi. Namba ya toleo itakuwemo, na mtengenezaji huwa ana cheti cha kila toleo alilouza. Andika leo barua ya kukiomba.

Shangazi